Kubaki au kufungasha? Majibu ya barua za mwezi huu

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: pesa ya nchi ikifa, mtu akae au aondoke? Niliishi Highfield, mtaa wa Harare, Zimbabwe, kuanzia 2003 hadi mwanzoni mwa 2009. Mume wangu alikuwa fundi wa malori, mimi nilikuwa nafunga hesabu za duka la vipuri. Kwa hiyo sijibu kama mchumi. Najibu kama mtu aliyepanga foleni ya mkate na mfuko wa noti mkononi, akafika kaunta akakuta bei imeshapanda.

Nitajuaje kama uchumi unaanguka kweli, au ni maisha tu yamepanda? (Kijana wa Tunduma)

Mdogo wangu, maisha kupanda ni homa, watu huugua na kupona. Wazazi wetu waliokuwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 80 walipanga foleni kwenye maduka ya kaya, wakala unga wa njano tuliouita unga wa yanga, wakakosa sabuni. Lakini muuza mchicha alikuwa bado anaipokea shilingi yako. Uchumi uliyumba vibaya, pesa haikufa.

Ukitaka kuiona pesa inavyokufa, tazama watu wanavyoikwepa. Mwenye nyumba wa kwetu, huyu wa kudai kodi ya miezi sita au mwaka mbele, siku akikuambia hataki tena noti, jua kuna jambo. Wetu pale Highfield alitaka mafuta ya kupikia na sukari. Kuna waliolipana kwa kuponi za petroli. Noti ilikuwa kama samaki wa jana: kila mtu anataka imtoke mkononi kabla ya jioni.

Tazama pia pale serikali inapoanza kupigana na bei. Juni 2007, Zimbabwe iliagiza wafanyabiashara wakate bei karibu nusu. Tulifurahi! Watu walibeba viatu, televisheni, nyama. Baada ya siku chache rafu zilikuwa tupu, na zikabaki tupu, maana hakuna mtu anayeagiza mzigo ili auze kwa hasara. Nilikuwa mmoja wa waliobeba. Nilinunua pasi mbili, na umeme wenyewe haukuwepo.

Na tazama bei mbili za dola, ya benki na ya mtaani. Zikiachana sana, mwenye mjomba serikalini ananunua kwa ile ya chini na kuuza kwa ile ya juu, na biashara hiyo inalipa kuliko kulima au kufundisha. Waganda waliopitia magendo ya enzi za Amin walikuwa na jina la watu wa aina hiyo, "mafuta mingi", na jina ni la Kiswahili kabisa.

Ila ishara iliyonishtua mimi haikuwa ya pesa. Mwalimu wa hesabu wa mwanangu alitufundishia watoto Ijumaa kama kawaida. Jumatatu tukaambiwa yuko Musina, ng'ambo ya mpaka wa Afrika Kusini, anatafuta kibarua. Wiki mbili baadaye wa sayansi naye hayupo. Mwalimu na muuguzi hawaondoki kwa uvumi, wanaondoka wakishapiga hesabu. Ukiwaona wanaondoka wawili watatu, anza na wewe kupiga yako. Usisubiri takwimu. Julai 2008 mfumuko rasmi wa bei ulifika asilimia milioni 231 kwa mwaka, na kufikia hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mimi ni mwalimu, Bujumbura, nina watoto watatu. Mshahara ni uleule, petroli ya shida, dola ya barabarani haishikiki. Shemeji ananiambia niuze kiwanja, nimlipe wakala, niende Ulaya. Mke wangu hataki. Nani yuko sahihi?

Mke wako.

Kaka yangu, unaikumbuka njia ya Serbia. Mrundi alikuwa anaingia Belgrade bila viza, na wengi walipanda ndege, kisha wakaendelea kwa miguu na magari kuelekea nchi za Umoja wa Ulaya, Ubelgiji hasa. Oktoba 2022, Ulaya ikiibana Serbia, viza ikarudishwa. Mlango ukafungwa. Aliyekuwa ameuza shamba akisubiri tiketi ya Novemba alibaki na pasipoti mpya na hana pa kulima. Njia za wakala ndivyo zilivyo: ziko wazi mpaka siku umeshalipa.

Kiwanja ndicho pesa pekee uliyonayo ambayo benki kuu haiwezi kuichapisha zaidi. Ukikiuza leo unapokea faranga, yaani unabadilisha kitu kisichooza kwa kitu kinachooza. Na ukishindwa huko uendako, unarudi wapi?

Lakini sisemi ukae umekunja mikono. Kosa la barua nyingi nilizopata ni kuuliza kama familia ibaki au iondoke, kana kwamba ni mzigo mmoja. Familia nilizoziona zikivuka salama ziligawana. Mmoja alitoka, tena karibu, mahali ambapo basi linaweza kumrudisha. Waliobaki walilinda nyumba, shamba na jina mtaani. Kusini mwa Zimbabwe ilizuka kazi nzima juu ya mgawanyo huo, ya madereva wanaoitwa omalayitsha. Unawapa unga, sukari, mafuta na sabuni Johannesburg, wanafunga trela, wanampelekea mama yako Bulawayo hadi mlangoni. Mume wangu alipata kazi Lusaka katikati ya 2007. Kila malori yalipopita kuja kusini nilipata kiroba cha unga na barua. Tulibishana sana kwa barua hizo, ila tulikula.

Kwa hiyo kaeni wawili mchague. Nani kati yenu ana ujuzi unaouzika ng'ambo ya mpaka wa karibu? Kifaransa chako kinaweza kupata shule Kampala au Nairobi. Itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki ipo tangu 2010, lakini usidanganyike, kibali cha kazi bado kinaulizwa, na mwalimu asiye nacho hulipwa nusu na hukamatwa mzima. Tafuta kwanza shule, ndipo basi. Nenda likizo moja ukapaone kwa macho yako. Na usiote kwamba wenyeji watakupokea kwa vigelegele. Mei 2008, Wazimbabwe waliokimbia njaa walikuta moto Alexandra, mtaa wa Johannesburg. Ghasia dhidi ya wageni zilienea Afrika Kusini na kuua watu 62. Wapo waliorudi Zimbabwe wakati ule ule nchi ikizama, na hawakuwa wajinga. Walichagua njaa wanayoijua.

Mwanangu wa kike amepata kazi za nyumbani Beirut. Dalali asema mshahara ni dola. Huko nako nasikia uchumi ulianguka. Nimwache ende? (Mama, Likoni)

Dadangu, hapa sizunguki: asiende kwa dalali huyo. Lira ya Lebanoni ilishikiliwa kwa miaka zaidi ya 20 kwenye 1,507 kwa dola. Tangu mwishoni mwa 2019 ikaporomoka hadi kiwango rasmi kufika 89,500. Waliokuwa wakilipwa dola wakalipwa lira au wasilipwe kabisa, na 2020 waajiri wengine waliwashusha wasichana wa Kiafrika, pamoja na Wakenya, mbele ya balozi zao na kuondoka. Mwenye nyumba anapoanguka, mfanyakazi wa ndani ndiye wa kwanza kutupwa, na chini ya mfumo wa kafala, ambapo mwajiri ndiye mdhamini wa kibali chake, hata kuhamia kwa mwajiri mwingine lazima aombe ruhusa ya yule yule aliyemtupa. Kama kuondoka ni lazima, aende kwenye nchi ambayo pesa yake imesimama, kwa mkataba uliopitia serikalini, na nakala ya pasipoti ibaki kwako.

Mimi ni muzee wa miaka 68, nilitumika Gécamines, kampuni ya migodi, hapa Lubumbashi. Mwaka wa 1993 feza ilikufa mbele ya macho yetu, tukalima pembeni ya mji, hatukukufa. Sasa watoto walio Montréal wanataka tuende kwao mbele mambo haijaharibika tena. Mimi na bibi yangu hatutaki.

Shikamoo, Baba. Wewe ndiye ulipaswa kuandika safu hii. Kwa wasomaji wasiojua: Oktoba 1993 Zaire, ndiyo Kongo ya leo, ilitoa pesa mpya, na zaire milioni 3 za zamani zikawa moja. Watu wa Kasai walizikataa kabisa noti mpya, wakaendelea na kuukuu, na biashara ikaenda. Lubumbashi mshahara wa mgodini ulikuwa hauji, na kila mahali palipokuwa na udongo palipandwa mahindi.

Nakubaliana nawe karibu kote. Nyumba ni yenu, jirani anawajua, na mzee aliyehamishwa akiwa na miaka 68 kwenda kwenye baridi ya Montréal anaweza kukaa dirishani mwaka mzima bila mtu wa kumsalimia. Lakini 1993 ulikuwa na miaka thelathini na kitu. Shamba ni lile lile, mgongo si ule.

Swali langu kwako ni moja: wewe au mama mnatumia dawa ya kila siku? Maana kinachoua wazee uchumi unapoanguka kwa kawaida si njaa, ni duka la dawa kuwa tupu, maji kukatika na muuguzi kuondoka. Chitungwiza, jirani na Harare, Agosti 2008, kipindupindu kilianza kwa sababu ya maji na majitaka. Mpaka kinaisha mwaka uliofuata kilikuwa kimewagonga karibu watu 100,000 na kuua zaidi ya 4,000. Mwezi Novemba hospitali kubwa zilikuwa hazipokei wagonjwa. Jirani yangu, bibi mwenye presha, aliishi kwa vidonge vilivyoletwa kwenye malori ya mume wangu. Mwezi malori yalipokwama mpakani, tulimzika.

Kama hamna ugonjwa wa dawa, bakini, na waambieni watoto zile nauli mbili za ndege wawatumie kidogo kidogo, na kisima kichimbwe sasa. Kama ni insulini au kusafishwa figo, nendeni mapema, hata kama hamtaki, hata kama ni kwa miezi tu.

Mjini pakishindikana si turudi kijijini? Kule hata njaa hakuna. (Tabata)

Nani kakwambia hakuna njaa? Mwaka 2008 vijiji vya Zimbabwe vililala njaa pamoja na mjini, kwa sababu mbegu na mbolea vilipotea madukani kama mkate ulivyopotea.

Tanzania tulishawahi kurudishwa kijijini kwa nguvu. Mwaka 1983, kampeni ya Nguvu Kazi iliwazoa watu wasio na kazi rasmi Dar es Salaam na kuwapakia kwenye magari kwenda kulima. Wengi walirudi mjini. Na waliobaki mjini miaka ile hawakula mshahara, maana ulikuwa hautoshi wiki mbili. Walikula miradi: ng'ombe uani, genge barazani, bustani ya mchicha bondeni. Mama yangu, karani, alifuga kuku sitini Magomeni na ndio walionisomesha. Bosi wake alikuwa mteja wa mayai, kwa mkopo.

Kijiji kitakupokea ukiwa umekipokea kwanza. Kama huna shamba linalojulikana kuwa lako, hujawahi kupanda, na mara ya mwisho kwenda ilikuwa msibani, basi kule wewe ni mdomo tu. Lima msimu mmoja kuanzia sasa wakati mshahara bado unaingia. Utajua kama mahindi yanaota, na kama baba mdogo anakuonyesha mpaka wa kweli.

Akiba: dola, ng'ombe au bati? (Msomaji, Kahama)

Bati, saruji, mashine ya kusaga, chochote kinachofanya kazi. Ng'ombe ni wazuri mpaka ukame uje. Dola nzuri ni ile iliyo mkononi. Waargentina walikuwa na dola zao benki Desemba 2001, wakaamka wanaruhusiwa kutoa 250 kwa wiki, na mwanzoni mwa 2002 zikageuzwa peso. Zimbabwe ilipofuta dola yake kabisa mwaka 2015, akaunti yenye hadi trilioni 175,000 ililipwa dola 5 za Marekani. Kulikuwa na watu ambao ndani ya hizo 5 mlikuwa na kiinua mgongo chao chote.

Ulijuta? (Hakuandika alipo)

Nilijuta kuchelewa. Shule zilisimama karibu mwaka mzima wa 2008, na mwanangu mkubwa alipoteza darasa ambalo hakulifidia mpaka leo. Anazungumza Kishona kizuri, lakini hesabu zilimshinda. Ningemtuma Lusaka kwa baba yake mara tu mwalimu wa pili alipoondoka. Mimi ningebaki miezi michache zaidi, maana nyumba isiyo na mtu ilikuwa inang'olewa milango.

Na ningefungasha tofauti. Siku tunaondoka, mume wangu alikuja kutuchukua akabeba redio yake kubwa. Mimi nilibeba vyeti vya kuzaliwa, ripoti za shule, kadi za kliniki na cheti cha ndoa, vyote kwenye mfuko wa plastiki niliouficha ndani ya kanga. Redio iliishia Chirundu, mpakani mwa Zimbabwe na Zambia, kwa askari mmoja aliyesema haina risiti.