Maswali Yenu: Akiiba, anashikwa na polisi wa nani?

SWALI: Mhariri nimesikia eti kuna visiwa huko Pasifiki vilitawaliwa na Uingereza na Ufaransa kwa pamoja, hivi inawezekanaje?

JIBU: Iliwezekana, ila kwa taabu. Hiyo ni New Hebrides, leo ndo Vanuatu, na huo utawala wa ubia ulianza 1906 ukaisha 30 Julai 1980 walipopata uhuru. Sasa cheki, kila kitu viwili viwili: polisi wa Kiingereza na wa Kifaransa, jela mbili, shule za huyu na za yule, na ukiwa mgeni wa taifa lingine unachagua mwenyewe utafuata sheria za nani (raha iliyoje!). Mahakama ya Pamoja ilikuwa na jaji Mwingereza, jaji Mfaransa, halafu rais wake ateuliwe na mfalme wa Hispania, yaani Hispania kabisa, nani aliwaza hilo? Waliobanwa ni wenyeji, maana hawakuwa raia wa Uingereza wala wa Ufaransa, yaani mtu yuko kwenye ardhi ya babu yake na hana uraia wa popote, miaka 74 hiyo.