Samaki walijibadilisha, au walibadilika?

SWALI: Katika muswada wa kitabu cha biolojia nimekuta sentensi hii: "Samaki walijibadilisha jeni zao ili waweze kuona kwenye maji ya kina kirefu." Mhariri mwenzangu anataka iandikwe upya, mimi naiona ni sanifu. Ina kosa gani? Na tuandike "mageuzi" au "mageuko"?

JIBU: Kisarufi sentensi imesimama. Kiambishi -ji- cha kujitendea huweza kukaa na kitu cha mtenda mwenyewe, kama katika "alijikata kidole". Upatanisho nao uko sawa: samaki ana uhai, hivyo wa-, jeni iko katika ngeli ya i-/zi-, hivyo "zao". Hata hivyo mhariri wako yuko sahihi, kwa sababu sentensi inaeleza jambo ambalo halikutokea.

Tazama kitenzi. "Jibadilisha" kina -ish- ya kutendesha, kisha -ji-, na vyote viwili vinampa samaki uamuzi. Samaki hawezi kuziandika upya jeni zake kwa kuwa maji yana giza. Badiliko la jeni la kurithiwa mara nyingi hutokea DNA inaponakiliwa katika seli zinazotoa mayai na mbegu: herufi moja ya DNA hushika nafasi ya nyingine, au kipande kizima hudondoka. Hutokea bila kuangalia maji yakoje. Neno "ili" linaongeza kosa, maana linadai kusudi. Badiliko hutangulia, faida, ikiwapo, huonekana baadaye. Viunganishi vinavyofaa ni "kwa sababu hiyo", "hivyo", au -ka- ya mfululizo.

Kubadili tu kuwa "samaki walibadilika" hakutoshi. Kauli ya kutendeka inaondoa kusudi, lakini msomaji bado anaweza kudhani kila samaki alibadilika akiwa hai. Kinachobadilika ni kundi, kizazi baada ya kizazi. Basi kundi liwe kiima, na kitenzi kilifuate: "kundi la samaki lilibadilika", si "kundi la samaki walibadilika". Katika mada hii, li- hiyo ina kazi kubwa kuliko mapambo ya usanifu.

Furu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, watakuonyesha. Spishi mbili zilizo karibu sana, Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei, huishi kwenye miamba ileile kwa kina tofauti. Madume ya spishi ya kwanza ni ya buluu na hukaa juu. Ya spishi ya pili yana wekundu na hukaa chini zaidi. Katika maji hayo yenye tope, kadiri unavyoshuka mwanga wa buluu hufifia na mwekundu hutawala. Jeni iitwayo LWS huongoza utengenezaji wa opsini, protini ya jicho inayonasa mwanga wa mawimbi marefu, na spishi hizo mbili zina aleli, yaani matoleo, tofauti za jeni hiyo. Hapa hata kitenzi "zuka" kingepotosha, kwa sababu aleli hizo ni kongwe kuliko spishi zenyewe: zilirithiwa kutoka koo mbili za samaki zilizochanganyika kabla ya mamia ya spishi za furu kutokea katika ziwa hilo, ndani ya miaka 15,000 hivi. Kitenzi sahihi ni "enea". Ningeandika: "Aleli ya LWS inayofaa maji ya kina ilienea katika kundi hilo, kwa kuwa samaki waliokuwa nayo waliona vizuri zaidi wakazaa zaidi."

Kuhusu swali la pili, "mageuzi" linatokana na geuza na limeshazoeleka kwa siasa na uchumi. "Mageuko" linatokana na geuka. Chagua "mageuko", kwa sababu ileile: halidai mtenda mwenye kusudi.

Angalia pia "poteza". Samaki mdogo aitwaye Gasterosteus aculeatus, yule wa baharini, ana miiba ya nyonga, lakini katika maziwa kadhaa yaliyojitenga baada ya enzi ya barafu makundi yake hayana tena. Nimeona waandishi wakisema "samaki hao walipoteza jeni ya miiba". Jeni inayohusika, Pitx1, haikupotea. Ipo nzima, na kama ingeharibika samaki angedhurika, maana inahitajika pia katika kuunda taya na viungo vingine. Kilichodondoka ni kipande cha DNA kilicho nje ya jeni, kinachoiwasha kwenye nyonga peke yake. Kwa hiyo tenganisha viima vitatu: kipande kilidondoka, jeni ilibaki, miiba ilitoweka. Ukivifunga vyote ndani ya neno moja "jeni", hakuna kitenzi kitakachokuokoa.

Kauli ya kutendesha haijapigwa marufuku, lakini imtafute mtenda wa kweli. Wafugaji huchagua samaki wenye rangi fulani ili wapate vizazi vya rangi hiyo. "Ili" ni halali, kwa kuwa mfugaji ana kusudi. Mwaka 2010 watafiti walichapisha jaribio ambalo waliingiza nakala ya Pitx1 pamoja na kile kipande cha kuiwasha katika mayai ya samaki wasio na miiba, na miiba ikaota. Hapo andika bila wasiwasi: watafiti waliibadilisha DNA ya samaki hao.