Mashine ya kusoma hereni ilipiwe zizini, baada ya kusoma ng'ombe wako

Mkuu, hiyo laki tatu na nusu irudishe mfukoni kwanza. Umesema una ng'ombe 45 na mbuzi kadhaa huko Magu, wengi wana hereni za kielektroniki tayari (zile za sikioni zenye namba ya utambuzi ndani), na kuna muuzaji hapa Mwanza mjini amekuahidi mashine "inayosoma hereni zote", unaifuata Jumamosi. Unauliza kuhusu betri, Bluetooth, bei, na kama mbuzi nao watasomeka. Mimi nilipofika kwenye "inasoma hereni zote" nilisukuma sahani pembeni nikaanza kuandika. Ni maneno yaleyale niliyoambiwa mimi, na waliolipa ni ng'ombe 62.

Nafugia Misungwi. Ng'ombe wangu walipovalishwa hereni nikaona na mimi niwe na mashine, niachane na daftari. Nikaenda mjini. Muuzaji akatoa kimashine cheusi cha kushika mkononi, akachukua kadi nyeupe iliyokuwa humohumo kwenye boksi, akaigusisha, ikalia pii, ikatokea namba yenye tarakimu kumi. "Umeona mwenyewe, mzee." Niliona. Ila kadi ilikuwa yake, mashine yake, na hereni yangu haikuwepo pale dukani.

Nyumbani haikusoma hata ng'ombe mmoja. Nikampigia. Akanijibu bila kusita kwamba hereni zangu zimekufa, zimeuawa na jua na maji ya josho, na kwamba yeye anazo mpya za uhakika. Nikaamini. Hapa ndipo naomba usome polepole: hereni ya kielektroniki haina betri ndani. Nguvu inaipata kutoka kwenye mashine yenyewe pale unapoisogeza karibu, halafu inajibu kwa namba yake. Haiishiwi chaji, na imezibwa ili ihimili mvua na josho. Mtu anayeuza vitu hivi hawezi kukosa kulijua hilo. Alinidanganya ili auze mara ya pili.

Nikanunua hereni zake 70. Nikaita vijana wawili, tukakata shina za zile za zamani kwa koleo, tukazitupa kwenye ndoo, tukatoboa masikio yaleyale upya. Ilikuwa masika. Ndani ya siku chache nzi walishajaa, vidonda vikaoza, wengine wakaingia funza. Kwa wiki tatu asubuhi na jioni kazi yangu ilikuwa kuosha masikio na kupuliza dawa ya bluu. Mitamba wawili masikio yalichanika kabisa. Majike ya maziwa yakawa yakiona mkono unakwenda kichwani yanaruka, kukamua kukawa kupigana. Ukijumlisha dawa, vijana, hereni na maziwa niliyokosa, bei ya mashine yenyewe ilikuwa kitu kidogo sana.

Kisha akaja afisa mifugo wa kata na mashine yake. Akapitisha kwenye hereni mpya: kimya. Ng'ombe wa pili, kimya. Akaniuliza za zamani ziko wapi, nikamletea ile ndoo. Akachomoa moja, akaipitishia mashine, ikalia, ikatoa namba yenye tarakimu 15. Akaendelea moja moja, zote zilikuwa zinasomeka. Hereni nzima, mashine mbovu, na mimi nimeshawakata ng'ombe masikio. Alinigombeza kwamba alama ya utambuzi haiondolewi kienyeji, na sikuwa na la kusema.

Alichonieleza ni hiki. Hereni za mifugo zinazofuata viwango vya kimataifa, ISO 11784 na 11785, zinafanya kazi kwenye masafa (mawimbi ya redio) ya kilohezi 134.2 na kila moja ina namba yenye tarakimu 15. Tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi, Tanzania ni 834, au kuanzia 900 ni za mtengenezaji. Kimashine changu kilikuwa cha kilohezi 125, jamii ya kadi za kufungulia milango ya ofisi. Na hata ndani ya hiyo 134.2 kuna aina mbili: FDX-B, inayojibu huku mashine ikiendelea kurusha, na HDX, inayosubiri mashine inyamaze ndipo ijibu. Kuna mashine zinazosoma aina moja tu. Wewe tafuta inayosoma zote mbili, maana ng'ombe utakayemnunua mnadani hujui kavalishwa ipi.

Kuna mchangiaji hapo juu ameandika "mfugaji gani hajui masafa". Bwana, mimi najua ng'ombe anayeumwa ndigana kwa kumtazama akitoka zizini. Kilohezi hazichungwi. Aliyekaa dukani anaziuza ndiye wa kuzijua. Na aliyekushauri utumie simu tu, achana naye: NFC ya simu, ile ya kusoma kadi kwa kugusisha, iko megahezi 13.56, haitasoma hereni hizi hata uibandike sikioni.

Kwa hiyo Jumamosi usiende na hela. Mwambie muuzaji aje na mashine mpaka zizini kwako Magu, nauli mpe wewe. Asome ng'ombe kumi, achague mwenyewe. Asome wakiwa ndani ya kibanio cha kuwazuia ng'ombe, hasa kama ni cha mabomba, kwa sababu chuma kinapunguza umbali wa kusoma, na mashine inayosoma vizuri juu ya meza ya duka inaweza kukulazimisha uipeleke mpaka sikioni kwa fahali mkali. Linganisha namba ya kwenye kioo na iliyochapwa juu ya hereni, tarakimu kwa tarakimu. Zikilingana kwa wote kumi, mlipe palepale. Akikataa kuja, omba hereni moja ya akiba kwa afisa mifugo wako, uende nayo dukani, na usikubali kuonyeshwa kwa kadi yake.

Bluetooth ni nzuri, inapeleka namba kwenye simu, ila hakikisha mashine inahifadhi namba yenyewe pia, maana simu ikizima katikati ya chanjo utaanza upya.

Na ikitokea mashine imegoma kusoma, tafuta mashine nyingine ujaribu. Hereni usiiguse. Yule mtamba wangu mmoja nimemuuza juzi, mnunuzi alimtazama sikio akashusha bei palepale.