Presha: isome na ile namba ya chini

Nyumbani tuna mashine ya betri tuliyomnunulia mama, na kila akipimwa majirani huuliza, "Imefika ngapi?" Wanataka namba ya juu. Ya chini haiulizwi, wakati mimi ninayeshika daftari lake naona ina mengi ya kusema.

Moyo hukaza na kusukuma damu, kisha hulegea ukajaa upya. Ukiwa na mapigo 75 kwa dakika, pigo moja huchukua sekunde 0.8, na kukaza ni kama 0.3 tu, zilizobaki ni za kulegea. Namba ya chini ni presha iliyobaki mishipani wakati huo. Haiangukii sifuri kwa sababu aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ilitanuka ilipopokea damu na sasa inajirudi, ikiendelea kuisukuma mbele. Tena ndio wakati ambao misuli ya moyo, hasa ya upande wa kushoto, hupata sehemu kubwa ya damu yake, maana ikikaza huibana mishipa inayoilisha. Moyo ukienda mbio, muda unaoliwa zaidi ni huo wa kulegea.

Kwa hiyo usipime ukiwa ndiyo kwanza umeshuka kwenye daladala. Kojoa kwanza, kaa dakika tano, egemeza mgongo, miguu chini bila kukunja nne. Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Ukining'inia, namba zote mbili hupanda. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, utakupa presha usiyo nayo. Na nyamaza! Mama yangu ana maneno: akisimulia habari za msiba huku mkanda unajaa, tunasoma 158/96, akitulia, 142/88. Pima mara mbili, mpishano wa dakika moja, uandike zote pamoja na saa.

Zahanati, presha huhesabiwa imepanda ikifika 140 juu au 90 chini, ikirudia siku tofauti. Nyumbani ni 135 au 85. Liangalie vizuri hilo "au". Kijana mwenye 128/94 huambiwa na wenzake yuko sawa kwa kuwa ya juu ni nzuri. Hayuko sawa, akamwone daktari.

Kwa wazee mambo hugeuka. Aota ikikakamaa haitanuki wala kujirudi kama zamani, hivyo ya juu hupanda na ya chini hushuka. Baba mdogo alikuwa akijisifia 70 yake ya chini huku ya juu iko 165. Nilimwambia, "Baba, hiyo siyo nafuu, peleka zote mbili kwa daktari." Alikwenda, kwa kunung'unika.

Mzee anayetumia dawa akianza kupata kizunguzungu anapoinuka, au ya chini ikizidi kushuka, msimpunguzie vidonge wenyewe. Nendeni na daftari kliniki. Na mkisoma 180 juu au 120 chini, apumzike dakika chache apimwe tena. Lakini kama kifua kinauma, pumzi inambana, mdomo umepinda au mkono umekosa nguvu, wekeni mashine pembeni, tafuteni gari la hospitali.