Kwa nini wanakijiji hawakopi benki hata riba ikishuka?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini wateja wa tawi lako kule Ludewa wana akaunti lakini hawakopi, ilhali riba mmeipunguza. Nami nimetoka vijiji vya huko huko. Riba si jambo la kwanza wanaloliangalia.

Anza na nauli. Mama anayetaka laki tano akilipa 24,000 kwenda na kurudi, akaitwa mara nne (fomu, picha, barua ya mwenyekiti wa kijiji, kisha sahihi ya mdhamini), ameshatumia 96,000 kabla hajashika hata senti. VICOBA, vile vikundi vya kijijini vya kuweka akiba na kukopeshana, wanakutana chini ya mwembe, hatua chache kutoka kwake.

Halafu marejesho. Mahindi yanapandwa Novemba au Desemba na kuvunwa kuanzia Juni. Ukimdai rejesho Januari, atalipa na nini? Atauza mbuzi, au atakopa kwa jirani akulipe wewe. Omba makao makuu wakuruhusu marejesho ya baada ya mavuno. Hilo litavuta watu kuliko tangazo lolote.

Dhamana nayo inatisha. Shamba lenye hati ya kimila ni la ukoo mzima machoni pao, na mtu aliyeona jirani akipigiwa mnada hasahau. Kwa hiyo usizungumze na baba peke yake. Mkalishe na mkewe, uwaeleze kwa Kiswahili cha kawaida nini kitatokea mvua zikigoma, na uwaachie nakala ya mkataba waisome nyumbani.