Diwani kaandika "nimeleta" mara saba

Mkuu, umeuliza utajuaje kama diwani wako anasema kweli, maana kwenye kipeperushi chake umehesabu "nimeleta" saba: umeme, maji, madarasa, barabara na mengineyo. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa zahanati kijijini kwetu, na haya yalinikuta.

Kampeni za 2020 nililetewa kipeperushi mpaka mlangoni. Mbele sura ya mheshimiwa, nyuma zahanati yetu, chini yake maandishi mekundu: NIMEJENGA ZAHANATI. Nikaisogeza hiyo picha karibu na taa. Kuna baiskeli imeegemea ukutani. Baiskeli yangu! Picha ilipigwa siku tunashusha bati, na siku hiyo yeye hakuonekana.

Kaunta buku la michango ninalo hadi leo. Kila kaya shilingi 10,000. Asiye nayo alileta mawe au alitoa siku tatu za kazi. Akina mama walipandisha maji kutoka bondeni, ndoo kichwani, alfajiri kabla ya shamba. Boma likafika usawa wa linta likasimama hapo misimu miwili ya mvua, majani yakaota vyumbani, mbuzi wakahamia. Ndipo halmashauri ikatoa fedha za umaliziaji: kupaua, plasta, milango. Diwani naye yumo kwenye daftari, kama mkuu wa kaya. Kalipa 5,000, anadaiwa 5,000.

Sasa hizo saba zako. Anza na mwenye kazi. Umeme wa vijijini ni REA, maji vijijini ni RUWASA tangu 2019, barabara za wilaya ni TARURA tangu 2017; zote ni wakala za serikali kuu. Diwani hana fungu lake la kujengea chochote. Mbunge ana Mfuko wa Jimbo, fedha za miradi ya jimboni kwake, na hata huo unapitia kwenye kamati.

Halafu uliza kata ya jirani: nyie hamkupata? Hili ndilo swali linalowamaliza. Kama madarasa anayojisifia ni yale ya mwishoni mwa 2021, yalijengwa 15,000 nchi nzima kwa fedha za UVIKO-19. Kata yenye diwani mkali ilipata, na yenye diwani anayesinzia kwenye baraza ilipata.

Ila nisimwonee wetu. Kuna kazi aliifanya kweli. Boma letu lilikuwa limesahaulika kwenye bajeti, akalisimamia kwenye baraza la madiwani mpaka likaingia. Jengo lilipoisha halina muuguzi, alienda wilayani mara tatu kwa pikipiki ya kukodi mpaka tukapewa mmoja. Hayo kwenye kipeperushi hayamo! Nilipomuuliza mpambe wake akasema hayana picha. Na sisi tunachangia, kwa sababu kwenye mikutano swali letu ni moja tu: "Umetuletea nini?" Hatumuulizi alisema nini barazani, wala kwa nini mapato na matumizi ya kijiji hayabandikwi ubaoni. Ukimuuliza mtu hivyo miaka mitano, atajifunza kuleta, hata kama ni kwa maandishi.

Mwisho wa yangu ulikuwa hivi. Alikuja kufanya mkutano uwanja wa shule, akarudia habari ya zahanati. Yakafika maswali, nikasimama na kaunta buku langu. Sikumwita mwongo; ni mtu mzima, tunazikana. Nikasema, "Mheshimiwa, zahanati tunaishukuru, ila kaya yako bado inadaiwa 5,000." Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Naye akacheka, akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti mbele ya watu wote. Nikamwandikia stakabadhi palepale, juu ya goti.

Wapambe wake wakapiga picha.