Pumzi Hutangulia, Kano Hufuata: Nusu Marathoni ya Kwanza Baada ya Miaka 45

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka 46, baada ya karibu miaka ishirini ya kazi ya kukaa kitini, na mwaka mmoja baadaye nikamaliza nusu marathoni yangu ya kwanza, yaani kilomita 21.0975, kwa saa 2 na dakika 24. Muda huo hautamshtua mkimbiaji yeyote. Hata hivyo ningefika hapo mapema zaidi, na bila kuchechemea njiani, kama ningelielewa tangu mwanzo kwamba moyo na mapafu huzoea mazoezi haraka kuliko mifupa na kano, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa.

Katika wiki za kwanza nilikimbia dakika moja na kutembea mbili, mara tatu kwa wiki, na kila mara nilirudi nyumbani nikihema kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Kufikia wiki ya tisa pumzi ilikuwa imetulia, niliweza kukimbia kilomita tano bila kusimama, nami nikaamini kwamba mwili mzima ulikuwa tayari. Ndani ya siku kumi nilipandisha umbali kutoka kilomita tano hadi kumi, tena nikishindana na saa ya mkononi. Asubuhi moja niliposhuka kitandani, kano ya kisigino ilikuwa imekakamaa na kuuma kiasi kwamba nilifika bafuni kwa kushika ukuta.

Nilipoteza wiki saba. Kano hupata damu kidogo kuliko misuli, kwa hiyo hujijenga polepole, na kadiri umri unavyosonga hupungukiwa na unyumbufu. Kazi ambayo misuli huifanya kwa wiki kadhaa, kano huhitaji miezi. Nilitarajia kuambiwa nipumzike tu, lakini mtaalamu wa fiziotherapia alinipa kazi: kusimama kwa ncha za nyayo kwenye ukingo wa ngazi, kisha kushusha visigino polepole hadi chini ya usawa wa ngazi, mara 15 kwa mizunguko mitatu, asubuhi na jioni. Ni zoezi la kuchosha akili kuliko mwili, na mpaka leo sijaliacha. Baadaye niliongeza siku mbili kwa wiki za kuchuchumaa na kunyanyua uzito, na ninaamini kwamba siku hizo mbili zilinisaidia kuliko viatu vyote nilivyowahi kununua.

Niliporudi barabarani nilibadili mwendo. Mbio ndefu ya wiki niliikimbia kwa kasi inayoniruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi, na nilipoona aibu kupitwa na watu wanaotembea kwa haraka, nilijikumbusha ule ukuta wa bafuni. Niliongeza kilomita moja kwa wiki, na kila wiki ya nne nikapunguza umbali ili mwili upate nafasi ya kujijenga. Nilifika kilomita 18 na kuishia hapo, kwa kuwa si lazima ukimbie umbali wote wa mashindano kabla ya siku yenyewe. Ile hesabu ya kutoa umri katika 220 ili kupata kiwango cha juu cha mapigo ya moyo ni ya makadirio tu. Watu wenye umri mmoja hutofautiana sana, hivyo mimi niliamini zaidi pumzi yangu.

Kuhusu daktari, nenda kabla hujaanza, hasa kama una shinikizo la damu, kisukari au historia ya ugonjwa wa moyo katika familia. Na maumivu ya kifua au kizunguzungu ukiwa unakimbia ni sababu ya kusimama papo hapo. Maji nayo yanywe kwa kiu, kwa sababu kuyanywa kupita kiasi kunaweza kushusha chumvi ya damu kwa kiwango cha hatari. Chakula chochote unachokusudia kula njiani kijaribu kwanza kwenye mbio ndefu za mazoezi, maana tumbo halipendi mambo mapya likiwa linatikiswa kwa saa mbili.

Kipimo changu cha maumivu ni kwamba yanayobadilisha namna ninavyokanyaga, au yanayozidi asubuhi inayofuata, yanaahirisha mazoezi bila mjadala. Wiki mbili za mwisho, nilipopunguza umbali kama inavyotakiwa, goti ambalo halikuwahi kunisumbua lilianza kulalamika. Nililipima kwa kipimo hicho kila siku: nilikanyaga sawasawa, na asubuhi halikuzidi. Nilikwenda mstari wa kuanzia nalo, nikaanza polepole kuliko nilivyotaka, na kwenye kilomita ya tatu hivi likanyamaza.